Gari la umeme au la petroli? Namna ya kupiga hesabu ya gharama zote kabla ya kununua, kwa mkazi wa Dar es Salaam

Umeme wa shilingi elfu kumi, kwa mteja wa TANESCO aliye katika kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hutoa takribani uniti 28, na uniti hizo katika gari dogo la umeme kama Nissan Leaf zinatosha kwenda kilomita 150 na ushee. Ukiipeleka elfu kumi hiyohiyo sheli wakati petroli inauzwa TSh 2,900 kwa lita, utapata chini kidogo ya lita tatu na nusu, ambazo gari la injini ya 1,500 cc katika foleni za mji huu litazimaliza baada ya kilomita 41 hivi. Wauzaji wa magari ya umeme huanza na hesabu hii, na wengi wao huimalizia hapohapo. Hesabu yenyewe ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mafuta ni sehemu moja tu ya gharama za gari, na kwa mtu anayetembea kilomita chache si hata sehemu kubwa kuliko nyingine.

Mwongozo huu unalinganisha magari mawili yaliyotumika kutoka Japani, kwa kuwa hayo ndiyo watu wengi hapa hununua: Leaf yenye betri ya kWh 40 (kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU), toleo lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2017, na gari la petroli la ukubwa unaokaribiana, lenye injini isiyozidi 1,500 cc. Bei za magari, za matengenezo na za mauzo ya baadaye nilizotumia ni za mfano, na zimewekwa ili uone njia ya kukokotoa. Unapozifuata hatua hizi, ondoa namba zangu uweke zako. Utahitaji karatasi, kikokotoo cha simu, risiti za LUKU za miezi mitatu na uvumilivu kidogo.

Hatua ya kwanza: jua kilomita zako halisi

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachofuata. Usikisie. Ikiwa tayari una gari, andika namba iliyopo kwenye dashibodi leo, kisha isome tena baada ya siku thelathini za kawaida, yaani mwezi usio na safari ya msiba mkoani wala likizo ya Krismasi. Ikiwa huna gari, pima njia yako kwenye ramani ya simu, zidisha kwa siku za kazi, halafu ongeza mizunguko ya mwisho wa juma, ambayo watu wengi huisahau.

Mfanyakazi anayeishi Mbezi Mwisho na kufanya kazi Posta hutembea kama kilomita 50 kwa siku kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi hizo ni 1,100, na akiongeza 150 za sokoni, kanisani au msikitini na kwa ndugu, anafikia 1,250 kwa mwezi, sawa na 15,000 kwa mwaka. Huyu ndiye nitakayemtumia kama mfano. Jirani yake ambaye hupanda mwendokasi siku za kazi na kuwasha gari Jumamosi na Jumapili tu hafikishi hata 6,000 kwa mwaka, na dereva wa teksi ya mtandaoni anaweza kupita 30,000 kwa urahisi. Watu hawa watatu wakikaa meza moja kubishana kama gari la umeme ni nafuu, kila mmoja atakuwa anasema kweli yake.

Hatua ya pili: gharama ya nishati kwa kilomita moja

Kwa petroli, gawanya bei ya lita kwa kilomita ambazo lita moja inakupeleka. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bei haina siri. Kinachopotosha ni ulaji wa mafuta, kwa kuwa watu hutaja kilomita walizopata siku moja walipokwenda Morogoro usiku barabara ikiwa nyeupe. Jaza tanki hadi lifyatue, tembea juma zima, jaza tena hadi lifyatue, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Nimechukua kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo TSh 2,900 kugawanya kwa 12 ni takribani TSh 242 kwa kilomita.

Kwa umeme, Leaf ya kWh 40 ilipimwa na mamlaka ya Marekani na kuonekana kutumia karibu uniti 19 kwa kilomita 100, zikihesabiwa kutoka ukutani, yaani pamoja na zile zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji. Mjini, ambako mwendo ni mdogo na breki hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri, matumizi hushuka kidogo, nimechukua 18. Uniti moja ya T1 ni TSh 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA inakuwa karibu TSh 357. Uniti 18 ni TSh 6,426 kwa kilomita 100, sawa na TSh 64 kwa kilomita.

Tofauti basi ni TSh 177 kwa kila kilomita. Sababu ya pengo hilo si kwamba umeme wetu ni wa bure. Ni kwamba injini ya petroli hugeuza sehemu kubwa ya mafuta kuwa joto na kuutupa moto huo kupitia rejeta na bomba la moshi, ilhali mota ya umeme hupeleka kwenye magurudumu sehemu kubwa ya kile ilichopewa. Foleni huzidisha tofauti hiyo. Gari la petroli lililosimama Ubungo na kiyoyozi kikiwaka linaendelea kunywa mafuta, na la umeme linatumia umeme wa kiyoyozi pekee, kiasi cha uniti moja au mbili kwa saa.

Hapa pana mtego ambao sijasikia muuzaji yeyote akiutaja. Nyumba nyingi za kawaida ziko katika kundi la D1, la matumizi madogo, ambapo uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni TSh 100 kila moja kabla ya kodi, takribani TSh 122 pamoja na kodi. Mfanyakazi wetu wa Mbezi atahitaji uniti 225 kwa mwezi kwa ajili ya gari peke yake, kwa hiyo nafuu ya D1 itamtoka, na taa, friji na pasi vyote vitaanza kulipiwa kwa bei ya T1. Ikiwa nyumba ilikuwa ikitumia uniti 60 kwa mwezi, gharama yake itapanda kwa takribani TSh 14,000 kila mwezi, sawa na TSh 169,000 kwa mwaka. Tazama risiti zako za LUKU: ukiona elfu kumi inakupa uniti nyingi kuliko 28, uko D1, na kiasi hiki ni lazima kiingie kwenye hesabu ya gari la umeme. Ukiwa tayari uko T1, kifute.

Hatua ya tatu: bei ya gari likiwa limesimama nyumbani kwako

Bei iliyo kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, bima ya safari, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na, juu ya vyote, kodi. Kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho kwenye tovuti ya TRA kitakupa makadirio ukiingiza aina ya gari, mwaka na injini, na ni vizuri kukitumia kabla ya kutuma senti moja, kwa kuwa kodi hukokotolewa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wa TRA, ambayo inaweza kutofautiana na bei uliyolipa.

Umri ndio unaouma. Gari lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likipita miaka 10 ushuru huo huwa asilimia 30. Gari la petroli la 1,500 cc lina pia ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa sababu ya ukubwa wa injini. Kwa gari la umeme, ambalo halina cc, mwombe wakala akuandikie mchanganuo wa kila ushuru kwa mstari wake, maana ushuru wa magari haya hubadilishwa mara kwa mara kwenye bajeti ya Juni, na kile alicholipa rafiki yako mwaka juzi huenda hakipo tena.

Nitachukulia kwamba, baada ya yote, gari la petroli limesimama kwenye TSh milioni 18 na la umeme kwenye milioni 26. Tofauti ni milioni 8.

Hatua ya nne: soketi, waya na kuchaji

Leaf iliyotengenezwa kwa soko la Japani huja na waya wa kuchajia wa volti 200 wenye plagi ambayo haiingii kwenye soketi zetu. Wapo mafundi wanaoikata plagi hiyo na kufunga ya pembe tatu. Usikubali. Soketi ya kawaida ya ukutani haikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa nane mfululizo kila usiku. Plagi hupata moto, plastiki hulainika, na siku moja utaamshwa na harufu. Nunua waya wa kuchajia unaolingana na volti 230, kisha fundi umeme mwenye leseni akufungie njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa waya mnene wa kutosha, breka inayokata umeme ukivuja, na mfumo mzuri wa kupeleka umeme ardhini. Nimetenga TSh milioni 1.5 kwa kazi yote. Mpangaji anapaswa kumwona mwenye nyumba kabla ya kuagiza gari, hasa pale mita moja ya LUKU inapochangiwa na wapangaji watatu, kwa kuwa uniti 225 kwa mwezi ni chanzo kizuri cha ugomvi.

Kwa chaji ya kawaida ya nyumbani ya kilowati 3 hivi, kilomita 50 za siku hurudishwa kwa saa tatu. Betri iliyokwisha kabisa itachukua zaidi ya saa 13. Kwa kuwa umeme hukatika, zoea kuchaji kila jioni badala ya kungoja betri iwe tupu. Anayechomeka gari akiwa bado na asilimia 60 hatishwi na usiku mmoja wa giza.

Vituo vya kuchajia vya umma bado ni vichache, na vilivyopo havilingani na kila gari. Magari ya Japani hutumia mfumo wa chaji ya haraka uitwao CHAdeMO, ya China mengi huja na GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS2. Ikiwa safari zako za Dodoma au Moshi ni za kila mwezi, weka kwenye hesabu gharama ya kukodi gari lingine au nauli ya treni, au kubali kwamba gari hili si lako.

Hatua ya tano: betri, na hapa usiharakishe

Kwenye gari la petroli lililotumika tunasikiliza injini, tunatazama moshi, tunanusa oili. Kwenye gari la umeme lililotumika mambo yote hayo yamekusanyika katika kitu kimoja kisichotoa sauti wala harufu, nacho ni betri iliyo chini ya sakafu.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Hupozwa na hewa inayoizunguka tu. Katika joto, betri za aina hii huchakaa haraka zaidi, na wenye Leaf za mwanzo katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika mwaka 2012, miaka miwili tu baada ya gari kuingia sokoni. Dar es Salaam haina joto kali la jangwani la huko, lakini pia haina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Ndiyo maana napendelea gari lililotoka sehemu za baridi za Japani kuliko lililokwisha kukaa hapa miaka minne juani, hata kama la pili lina kilomita chache.

Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Cha kwanza hupotea uwezo unaposhuka hadi karibu asilimia 85, na kila kinachofuata kinawakilisha zaidi kidogo ya asilimia 6, hivyo gari lenye vijistari 9 limebakiwa na takribani asilimia 70. Usiviamini peke yake, kwa sababu katika Leaf za mwanzo inawezekana kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijistari vyote virudi kwa muda, muda unaomtosha muuzaji kukukabidhi funguo. Nunua kifaa kidogo cha OBD2, cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, weka kwenye simu programu ya LeafSpy, na usome asilimia ya afya ya betri pamoja na tofauti ya volti kati ya seli. Seli moja ikiwa chini sana ya wenzake wakati gari linapopanda mlima, ondoka. Kwa gari lililoko bado Japani, mwombe muuzaji picha ya dashibodi yenye vijistari pamoja na kilomita, na akikataa chukulia kwamba amekwisha kukujibu.

Sasa geuza afya ya betri kuwa umbali. Takwimu za Japani zilitangaza kilomita 400 kwa Leaf ya kWh 40. Marekani, kwa kipimo kikali zaidi, iliipa 243, na hiyo ndiyo ya kutumia. Betri yenye afya ya asilimia 80 itakupa kama 194, na ukijiachia akiba ya asilimia 20 zinabaki 155. Mtu wa Mbezi ametosheka, na hata anayetoka Kibaha, ambaye kwenda na kurudi mjini ni karibu 80, hana wasiwasi. Leaf ya zamani ya kWh 24 ni habari nyingine: ilianza na kilomita 130 hivi ikiwa mpya, na kwa afya ya asilimia 70 na akiba ileile inabaki na 73. Hapo mtu wa Kibaha hafiki nyumbani bila roho juu. Jambo la kusikitisha ni kwamba anayetembea mbali kila siku ndiye ambaye umeme ungemfaidi zaidi, na ndiye asiyeweza kununua Leaf ya bei rahisi.

Kuhusu kubadilisha betri, kadirio langu la tahadhari ni hili. Mwaka 2024 bei ya wastani duniani ya betri za lithiamu kwa watengenezaji ilikuwa takribani dola 115 kwa kWh, kwa mujibu wa BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati. Kwa kWh 40 hiyo ni dola 4,600, na kwa dola moja ya TSh 2,600 inakuwa kama TSh milioni 12, kabla ya usafiri, ushuru na fundi. Betri mpya haitakujia chini ya hapo. Betri iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali inaweza kuwa nafuu, lakini unarudi kwenye bahati nasibu ya afya ileile uliyokuwa ukiikimbia. Dhamana ya betri iliyotolewa kwa mnunuzi wa kwanza Japani usiihesabu kama mali yako.

Hatua ya sita: matengenezo na bima

Gari la umeme halina oili ya injini, chujio la mafuta, plagi za injini wala mkanda wa taiming, na pedi za breki hudumu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo. Nimechukua TSh 150,000 kwa kila sevisi ya gari la petroli kila kilomita 5,000, sawa na TSh 30 kwa kilomita, na TSh 10 kwa kilomita kwa la umeme. Lakini Leaf ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na mashimo ya barabara zetu hayaangalii gari linatumia nini: bushi, shokapu na matairi vitaliwa, matairi pengine haraka zaidi. Nimeondoa TSh 7 kwa kilomita kwa ajili hiyo, kwa hiyo faida ya matengenezo ni TSh 13. Ukijumlisha na zile 177 za nishati unapata TSh 190 kwa kila kilomita. Ishike namba hii.

Pale Gerezani, Kariakoo, spea za gari la petroli la Toyota unazipata kabla hujamaliza kueleza unachotaka. Za gari la umeme, hasa vifaa vya volti kubwa, huenda ukaagiza na kusubiri. Siku ambazo gari limelala gereji nazo ni gharama, ingawa sijaziweka kwenye hesabu kwa kuwa kila mtu ana njia yake ya kuzilipa.

Bima ndogo ni ileile kwa magari yote mawili. Bima kubwa hutozwa kama asilimia ya thamani. Ikiwa ni asilimia 3.5, milioni 8 za ziada zinakuongezea TSh 280,000 kabla ya VAT katika mwaka wa kwanza. Ukikata bima kubwa, kiongeze kiasi hicho kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya saba: unganisha vyote kwa miaka mitano

Gharama ya kumiliki gari si bei uliyolinunulia. Ni bei hiyo ukiondoa kile utakachopata siku ya kuliuza. Gari la petroli la milioni 18 nimechukulia litauzwa milioni 10 baada ya miaka mitano, kwa kuwa soko lake linafahamika. La umeme la milioni 26 nimelikadiria kuuzwa milioni 7 tu, kwa tahadhari, maana mnunuzi wa siku hiyo ataisoma betri kama ulivyoisoma wewe. La petroli basi limekula milioni 8, la umeme milioni 19. Pengo ni milioni 11, ongeza 1.5 ya waya na soketi, ongeza laki 8 na ushee za kupoteza D1 kwa miaka mitano, inakuwa takribani milioni 13.3.

Gawanya milioni 13.3 kwa TSh 190. Jibu ni kama kilomita 70,000 kwa miaka mitano, yaani 14,000 kwa mwaka, au karibu 1,170 kwa mwezi. Chini ya hapo gari la petroli ni nafuu, na juu yake la umeme ndilo nafuu.

Mfanyakazi wetu wa kilomita 1,250 kwa mwezi amevuka mstari kwa kiasi kidogo. Atakuwa mbele kwa chini ya milioni moja kwa miaka mitano, ambayo kwangu mimi ni sare. Achague gari analolipenda. Jirani wa kilomita 6,000 kwa mwaka ataokoa milioni 5.7 na kupoteza milioni 13.3, hivyo abaki na petroli bila kuona haya. Dereva wa teksi wa kilomita 30,000 kwa mwaka ataokoa milioni 28.5, na hata akilazimika kununua betri ya milioni 12 katikati ya safari bado anabaki mbele kwa zaidi ya milioni 3. Yeye lakini asimamie jambo moja: ikiwa gari si lake na anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, akubaliane kwa maandishi nani atalipia betri kabla hajaanza kusherehekea akiba ya mafuta.

Ikiwa zile milioni 8 za ziada ni za mkopo, hesabu inasogea. Mkopo wa miaka minne kwa riba ya asilimia 16 inayopungua na salio utakutoza riba ya takribani milioni 2.9, na mstari wa usawa unapanda kutoka kilomita 1,170 hadi zaidi ya 1,400 kwa mwezi.

Hatua ya nane: wapinzani wawili ambao hawajaalikwa

Kulinganisha umeme na petroli tupu ni kulinganisha na mpinzani dhaifu kuliko wote. Gari la mseto, la petroli na mota ya umeme kwa pamoja, kama Toyota Aqua, likipata kilomita 20 kwa lita linatumia TSh 145 kwa kilomita, na pengo lake na umeme ni TSh 81 tu, chini ya nusu ya lile la mwanzo, bila kuhitaji soketi wala ruhusa ya mwenye nyumba. Ila nalo lina betri yake, ndogo lakini yenye bei.

Wa pili ni gesi asilia. Kilo moja ikiuzwa TSh 1,550 na gari lililofungwa mtungi likienda kilomita 16 kwa kilo, gharama ni TSh 97 kwa kilomita. Umeme unaishinda gesi kwa TSh 33 tu, na ufungaji wa mtungi ni sehemu ndogo ya zile milioni 13. Gharama yake iliyojificha ni foleni za vituo vya gesi na buti lililoliwa na mtungi. Kwa dereva anayekaa saa moja kwenye foleni ya gesi kila siku, saa hiyo ina thamani ya abiria wawili au watatu, na ni juu yake kuiweka kwenye mizani. Kwa mtu wa ofisini mwenye gari la petroli tayari, nadhani gesi ndiyo hatua ya busara zaidi kwa sasa kuliko kuliuza na kununua la umeme.

Hatua ya tisa: ipindue hesabu uone inavunjika wapi

Bei hazitakaa zilipo kwa miaka mitano. Rudia hatua ya saba mara mbili: petroli ikiwa TSh 2,500, halafu ikiwa TSh 3,300. Kwa bei ya kwanza akiba inashuka hadi TSh 157 kwa kilomita na mstari wa usawa unakwenda kilomita 85,000. Kwa ya pili akiba ni TSh 224 na mstari unashuka hadi chini kidogo ya 60,000. Uniti ya LUKU ikipanda kwa TSh 50, unapoteza TSh 9 kwa kila kilomita.

Kumbuka pia kwamba tangu bajeti ya 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na tozo yake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta. Mwenye gari la umeme, kwa maana hiyo, anapita barabarani bila kuchangia kupitia pampu. Magari haya yakiongezeka, sioni Serikali ikiliacha pengo hilo wazi, na mimi, ingawa sikuiweka kwenye hatua ya saba, ningeijaribu hesabu pia kwa tozo ya TSh 10 kwa kilomita kuanzia mwaka wa tatu, hata kama hakuna aliyeitangaza.

Ukikuta kwamba gari la umeme linashinda katika hali zote, petroli ikishuka na umeme ukipanda, agiza. Ukikuta linashinda pale tu petroli inapofika TSh 3,300, ngoja mwaka mmoja, endelea kuandika kilomita zako, na uisome upya bei ya betri.